Simu Iliyolia Ndani ya Unga wa Wimbi

"Gibson, huyu Benchi ni nani?"

Gibson alikuwa ameshika mashine ya kunyolea. Mbele yake kulikuwa na kichwa cha mteja, upande mmoja umeng'aa kama yai, upande mwingine bado msitu. Mashine ikaendelea kunguruma hewani bila kazi.

"Benchi gani?"

"Usiniulize swali juu ya swali. Simu yako ilikuwa kwa chaji, meseji imeingia, nimeisoma. Nisome tena kwa sauti?"

"Mokeira, tuko na mteja."

"Mimi sina haraka," alisema mteja, akajiweka vizuri kwenye kiti. "Dada, soma."

Mokeira alikuwa fundi wa cherehani Kisii mjini, na siku hiyo alikuwa amefunga kazi mapema akaja Nyamira kumletea mpenzi wake shati la kuvaa Jumapili. Shati lilikuwa bado kwenye mfuko. Akainua simu usoni na kusoma, sauti yake ikipanda kila neno:

*"Kesho njoo mapema kabla ya wengine. Mwalimu ametuachia chumba. Nitabeba chapati. Na usimwambie mtu, mume wangu akijua nimekwisha."*

Kibanda kizima cha kinyozi kikanyamaza. Hata redio, naapa, ilijipunguza yenyewe.

"Mume wake!" Mokeira alipiga kelele. "Gibson, bibi ya mtu? Na chapati?"

"Chapati ndio mbaya," mteja alisema, akitikisa ile nusu ya nywele. "Mwanamke akikuletea chapati, hapo mambo yamefika mbali."

"Wewe nyamaza nikumalize kichwa!" Gibson akamgeukia. "Mokeira, nisikilize. Ni mwenzangu wa benchi pale chuoni. Mwalimu alitupanga wawili wawili kwa maabara. Ni mama mzima, ana umri wa mama yako!"

"Usimtaje mama yangu kwa mdomo huo!"

"Basi ana umri wa mama yangu mimi. Tunafanya mazoezi ya mtihani."

"Na mbona mume wake asijue? Mtihani ni dhambi?"

Hapo Gibson akakwama. Yule mama alikuwa amemwapisha asimwambie mtu yeyote habari zake, na Gibson alikuwa mtu wa neno lake, Msabato wa kweli.

Chuo chenyewe kilikuwa chuo kidogo cha jamii pale Nyamira mjini, na kozi yao ilikuwa ile inayoitwa bridging. Ni kozi ya watu ambao matokeo ya Fomu Foo yaliwaacha mlangoni pa chuo cha udaktari. Unarudia Kemia na Bayolojia, unafanya mtihani, ukipita mlango unafunguka. Gibson alikuwa amepita kila kitu shuleni isipokuwa Kemia. Sasa asubuhi ananyoa, mchana anasoma.

"Siwezi kukuambia ni nani," akasema mwishowe. "Nilimwapia."

"Ulimwapia yeye? Vizuri sana. Basi mpigie sasa hivi, hapa mbele yangu."

Gibson akapiga. "Mteja wa nambari hii hapatikani kwa sasa," simu ikasema. Akapiga tena. Mteja hapatikani.

"Akiwa nyumbani anaizima," Gibson alisema kwa sauti ndogo, na hapo hapo akatamani ulimi wake ukatike.

"Anaizima!" Mokeira akafuta machozi kwa kiganja. "Sikiliza, mwana wa watu. Jumapili unakuja kwetu Keumbu na mjomba wako, baba amekwisha kuita mpaka kuku kwa jina. Siwezi kuwaaibisha wazazi. Lakini ukifika, kabla hujaonja hata chai, utaapa mbele ya mama yangu kwamba huna mwanamke mwingine. Mama yangu hadanganywi. Akikuangalia anaona mpaka mifupa."

"Nitaapa."

"Na shati lako hili hapa. Ulivae ukiwa umekufa kwa aibu."

Akalirusha. Likamwangukia mteja kichwani, na mteja akakaa nalo hivyo hivyo, maana alisema ameona mengi leo na macho yamechoka.

* * *

Kesho yake Gibson alifika maabara mapema. Mama yule alikuwa ameshafika, koti jeupe la kuazima limemkaa kama hema, kopo la chapati kwenye dirisha. Darasani walimwita Nyangate, jina la baba yake lililokuwa kwenye cheti chake cha shule. Gibson alimwita Siz, yaani dada, naye akimwita kijana tu, maana darasani walijuana kwa majina ya ukoo. Mwenyewe alijitambulisha kama mtu wa Nyamarambe, na tangu siku ya kwanza aliweka sheria: ya nyumbani tuache nyumbani.

"Mbona uso umekunjwa hivyo, kijana? Leta kidole."

"Msichana wangu ameona meseji yako, Siz."

"Ipi?"

"Ya chapati."

Mama akacheka mpaka chupa za kemikali zikagongana. Akamshika kidole, akakipangusa kwa spiriti, akadunga. Tone la damu likatokea, jekundu na la mviringo.

"Umeona? Siku hizi situmii nguvu. Sasa huyo msichana anasemaje?"

"Anataka niape mbele ya mama yake."

"Mama yake? Ai! Mama gani huyo wa kuapisha watoto wa watu? Kwani kwake ni kortini?"

"Wanasema ni mkali sana."

"Mkali hana lolote! Apa, kisha umwangalie machoni usipepese. Na akikusumbua, mwambie aje hapa anione mimi. Nitamfunza adabu."

"Asante, Siz. Na wewe mbona leo una haraka?"

"Jumapili nina wageni, lazima nichambue wimbi la ugali."

"Wageni gani?"

"Ya nyumbani?"

"Tuache nyumbani," Gibson akamalizia, wakacheka wote wawili.

Mwalimu wao, Owino, mtu wa kutoka upande wa ziwani, akachungulia mlangoni.

"Nyinyi wawili, sikilizeni. Majina ya mtihani wa vitendo yameshaenda kwa wasimamizi. Jozi ni jozi. Kila mtu anamtoa mwenzake damu na kutambua ni kundi gani. Mmoja asipokuja, wote wawili wamekosa. Nisisikie mtu ameumwa na kichwa, yawa!"

"Mimi?" Mama akajipiga kifua. "Nimengoja mtihani huu tangu msichana wangu akiwa tumboni. Labda nibebwe na machela, na hata hapo nitamdunga mwenye kunibeba."

* * *

Jumapili ikafika. Boma la Mzee Nyakundi, nje kidogo ya Keumbu, lilikuwa limefagiliwa mpaka mchanga ukaona haya. Ndani, Gibson alikaa ukingoni mwa kochi akiwa na shati lake jipya. Kando yake alikuwa mjomba Makori, msemaji wa safari, ambaye pua yake ilikuwa imeshaingia jikoni kabla yake. Harufu ya kuku ilikuwa kali kiasi kwamba, wanasema, mbwa wa kutoka Keroka walianza kuelekea huku.

"Mogaka Nyakundi," Makori akaanza, akimwita mzee kwa Kikisii, "tumeona ua zuri katika boma hili."

"Maua ni mengi," Mzee akajibu. "Mengine yana miiba."

"Huyu kijana ana viatu."

Wazee wakacheka. Mokeira hakucheka. Akasimama karibu na mlango wa jikoni.

"Baba, kabla hamjaendelea, kuna jambo Gibson anataka kusema mbele ya mama. Mama! Njoo usalimie wageni."

Mama akaingia na sinia ya vikombe vya chai, leso imefunika kichwa, macho chini kama inavyompasa mwanamke anayempokea mkwe. Akasimama mbali, karibu na ukuta.

"Karibuni, wag..."

Akainua macho.

Sinia ikaanguka. Kikombe kimoja kilibingirika mpaka chini ya kochi, na hakuna aliyeinama kukitafuta.

"Siz?" Gibson alisema kabla akili yake haijafika.

"Wewe!" Mama akashika ukuta.

Mzee Nyakundi akageuza shingo polepole. Akamtazama mkewe, akamtazama kijana.

"Nani ni siz wa nani hapa?"

Mokeira alikuwa amepauka midomo. Akanyoosha mkono, akachomoa simu kwenye mfuko wa shati la Gibson, akatafuta jina la Benchi, akabonyeza.

Wote wakatega masikio.

Kisha mlio ukasikika kutoka jikoni. Ulikuwa mlio mzito, uliozibwa, kama kwaya inayoimba chini ya blanketi. Mokeira akaingia jikoni. Wakasikia kifuniko cha debe kikifunguliwa. Akarudi ameshika simu ndogo asiyoijua, iliyojaa unga wa wimbi, ile ambayo Mama, kwa haraka ya wageni, alisahau kuizima; bado inalia, inatetemeka na kumwaga vumbi la kahawia sakafuni.

"Tangu lini," Mzee akauliza, "unga wangu unapigiwa simu?"

"Mama," Mokeira alisema. Sauti haikutoka vizuri. "Mama! Kati ya wanaume wote wa Kisii na Nyamira?"

"Mwanangu, sivyo!"

"'Njoo mapema kabla ya wengine.' Mama, ni wewe! 'Mume wangu akijua nimekwisha.' Na chapati! Zile chapati ulizosema ni za wagonjwa!"

"Mume," Mzee akasema taratibu, kama mtu anayetafuta mwenye jina. "Mume ni mimi."

Mjomba Makori akaokota kofia yake. "Naona sisi tutapita siku nyingine."

"Keti!" Mzee akanguruma, na Makori akakaa juu ya kofia.

"Ni mwenzangu wa benchi!" Mama akasema, machozi yakimtoka. "Darasani! Baba Mokeira, mimi nasoma."

"Unasoma nini? Biblia?"

"Kemia."

"Kemia ni nani?"

"Ni somo! Na Bayolojia. Pale Nyamira. Asubuhi nauza ndizi, zikiisha naingia darasani. Huyu kijana tulipangwa naye na mwalimu, sikujua ni wa Mokeira, Mungu anione. Yeye ananitoa damu kidoleni, mimi namtoa. Ni hivyo tu. Nikipita naingia chuo cha udaktari."

Mzee Nyakundi akasogea ukingoni mwa kiti.

"Na mbona ulinificha?"

"Nilikuuliza, umesahau? Tulikuwa tunapalilia migomba. Nikakuambia nataka kurudi shuleni. Ulicheka mpaka ukaegemea jembe. Halafu ukaenda sokoni ukawaambia wenzako, nao wakacheka. Nikaona heri nisome kwanza, ucheke baadaye."

Mzee akatazama mikono yake. Kisha akainama, akaanza kuokota vikombe, na kwa aliyemzoea hilo lilikuwa geni kuliko simu ndani ya unga.

Mokeira akateleza polepole mpaka akakaa sakafuni. "Gibson," alisema. "Ulijua?"

"Ningejua ningekuja na shati hili? Ningekuwa Tanzania saa hii."

Akacheka katikati ya kilio. "Nisamehe. Nilikuita mambo mabaya."

"Hujaniita bado. Ulinirushia shati tu."

Pale pale, kicheko kikitaka kuanza, mjomba Makori akaruka kama aliyekalia nyigu.

"Ngojeni! Amesema amemtoa damu? Amemshika mkono?"

Chumba kikaganda upya.

Kwa Wakisii kuna sheria isiyohitaji kubandikwa ukutani, nayo ni chinsoni. Ni heshima yenye aibu ndani yake. Kijana na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawatupiani mizaha. Wakikutana njiani mmoja anakwepa kando. Na hawa wawili walikuwa wameshikana vidole, wakataniana, wakala chapati kutoka kopo moja.

"Yaliyopita yamepita, hawakujua," Mzee akasema. "Kuanzia leo itakoma."

"Haiwezi kukoma," Mama akanong'ona. "Mtihani bado. Ni wa watu wawili. Majina yameshaenda."

"Badilisha mwenzako."

"Haibadilishwi. Mmoja asipokwenda, wote tumeanguka."

"Basi mimi nitaacha kozi," Gibson akasema. "Nitabaki kinyozi."

"Ukiacha umenizika na mimi!" Mama akajibu kwa ukali wa benchi, kisha akakumbuka ni nani anaongea naye, akajifunika uso na leso. "Niacheni niache mimi. Nimeshazeeka. Mokeira aolewe. Hilo ndilo la maana."

Akasema hivyo huku bega lake likitikisika, na kila mtu akatazama kwingine. Gibson akimchukua Mokeira, mama huyu hatagusa tena lango la udaktari. Mama akifanya mtihani, binti yake atampoteza mchumba, maana hakuna mzee wa pande zile angekaa kusikiliza posa ya kijana ambaye bado anamshika mama mkwe vidole.

Mokeira akainuka. Akajifuta uso.

"Mjomba Makori, wewe unajua mila kuliko sisi. Mgeni anakuwa mkwe saa ngapi?"

Makori akajikuna. "Akishaketi, akaongea... akala. Akila chakula cha boma, hapo neno limeingia. Kabla ya kula ni mpita njia."

"Gibson, umekula?"

"Hata maji."

"Chai ilimwagika," Mzee akaongeza, akianza kuelewa.

"Basi hakuna aliyekuja hapa leo," Mokeira akasema. "Hawa ni wapita njia waliopotea. Wataondoka sasa hivi bila kuonja kitu. Mama atafanya mtihani na mtu asiyekuwa chochote kwake. Ukiisha, mtu huyo akitaka, atakuja Keumbu kwa mara ya kwanza."

"Mokeira," mama yake akamshika mkono. "Unajua watu watasema nini? Wageni watoke kwetu na njaa mchana kweupe? Watasema umekataliwa. Soko zima litakuimba."

"Waimbe."

"Na huyu kijana akibadilisha nia?"

Mokeira akamtazama Gibson. "Nilimtaka aape. Sasa sitaki tena kiapo."

Mzee Nyakundi akageuza uso kuelekea dirishani, akawapa wote mgongo.

"Mimi naona shamba langu tu," alisema. "Mama Mokeira, kuna mtu humu ndani?"

"Sijaona mtu," Mama akajibu.

Gibson akatoka. Mjomba Makori alitoka nyuma yake, lakini mlangoni alisimama, akavuta pumzi ndefu kuelekea jikoni, na walioona wanasema alilia machozi ya kweli.

* * *

Keumbu ikaimba, kama ilivyotarajiwa. Wengine walisema kijana alimkuta Mokeira na mtoto wa siri. Wengine wakasema kuku alikuwa mbichi. Mokeira akaendelea kushona, na jirani yake wa duka, Benter, alipomuuliza kama ni kweli alikataliwa, akamjibu, "Pitisha mkasi." Jioni aliandika meseji moja tu kwa Gibson: *"Soma."* Naye akajibu: *"Nasoma."*

Na Mzee Nyakundi? Siku moja alionekana amebeba ndizi za mkewe mabegani mpaka stendi. Aliyecheka aliulizwa kama anaijua Kemia.

Siku ya mtihani, Mwalimu Owino alipita kati ya meza akiwa na uso wa ibada. Akasimama kwenye benchi la wale wawili.

"Mbona mnatetemeka? Mmefanya hivi kila wiki."

"Ni baridi, mwalimu," Gibson akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka.

Mama akatoa kidole. Gibson akakipangusa, akadunga, tone likatoka. Kisha akatoa chake. Mama akakishika kwa uangalifu kama mtu anayeshika mtoto wa siku ya kwanza, akadunga, akasoma, akaandika. Walipomaliza hakumwachilia mara moja.

"Kijana," alinong'ona. "Umekuwa mwenza mwema. Tukitoka kwa mlango huu sitakushika tena mpaka nife. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Siz."

"Hilo jina pia libaki humu."

Akamwachilia. Wakatoka kwa milango tofauti.

Matokeo yalipotoka, Mwalimu Owino alituma meseji moja kwa kundi zima: *"Wote wamepita isipokuwa mmoja, na huyo anajijua."* Huyo hakuwa Mama, wala Gibson.

* * *

Kijana mmoja kutoka Nyamira akafika Keumbu "kwa mara ya kwanza," na mjomba wake aliyefunga tangu jana kwa ajili ya siku hiyo. Safari hii walikula. Makori alikula mpaka mfupa ukaomba msamaha. Neno likaingia, siku ya ng'ombe wa mahari ikapangwa, na Mokeira akakaa kando ya Gibson mchana kweupe, mlango wazi, ili kila apitaye na masikio marefu ajionee.

Mama hakuonekana. Alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, kama inavyompasa.

Mzee Nyakundi akachovya mkono kwenye bakuli, akatoa firigisi ya kuku, kipande cha mwenye boma. Wote wakangoja aile. Akaiweka kwenye sahani, akamsogezea binti yake.

"Mpelekee mama yako."

"Mogaka!" Makori akapaliwa. "Firigisi? Kwa mwanamke?"

"Wewe ulifanya mtihani?"

Makori akanywa maji.

Mokeira akapeleka sahani, akarudi akitabasamu. "Mama anasema asante, Baba. Na anasema mgeni ale mboga, amekonda kwa masomo. Wanaanza chuo pamoja, mjue. Yeye atakaa mbele, wewe Gibson ukae nyuma karibu na mlango, na akitaka kukuuliza kitu atamtuma mtu."

"Mwambie nimeshukuru," Gibson akasema.

"Mwambie mwenyewe. Ukuta ni mwembamba, anakusikia."

"Siwezi." Gibson akainamisha macho sakafuni. "Ni mama mkwe wangu."

Kutoka jikoni wakamsikia mtu akipenga kamasi.